Lily Parr: Winga aliyepokonywa uwanja

HAKUNA sheria iliyowahi kumzuia mwanamke wa Uingereza kupiga mpira teke. Alichonyimwa, kuanzia Desemba 5, 1921, ni mahali pa kuuchezea. Tofauti hiyo huonekana ndogo inaposomwa karatasini, ila ndiyo iliyoamua maisha ya Lily Parr, winga wa kushoto aliyetoka mtaa wa wafanyakazi na kuwa mmoja wa wanasoka wa kike waliotajika zaidi katika zama zake. Ndiyo pia iliyoamua hatima ya wasichana wengi wa vijiji na miji midogo ambao majina yao hayakuingia katika kitabu chochote.

Parr alizaliwa Aprili 26, 1905 katika mtaa wa Gerard's Bridge mjini St Helens, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba. Babake, George Parr, alikuwa kibarua katika kiwanda cha vioo. St Helens ya wakati huo ilikuwa mji wa makaa ya mawe na vioo, na kila familia ilijua mapema watoto wake wangeishia wapi. Mvulana angeteremka mgodini au angeingia kiwandani. Msichana angeacha shule akiwa na umri wa miaka 13 au 14, awe kijakazi katika nyumba ya wenye nacho au aingie kiwandani naye, hadi siku atakapoolewa. Michezo, kwa msichana wa tabaka hilo, ilikuwa jambo la kutazama, tena kwa mbali.

Lily hakutosheka na kutazama. Alicheza na kaka zake katika viwanja vitupu vya mtaani, leo kandanda, kesho raga, mchezo ambao hadi sasa unapendwa mno St Helens. Alikuwa mrefu kuliko wenzake, mwenye mabega mapana na ulimi mkali, na kazi za sindano na uzi hazikumvutia hata kidogo. Alipendelea kuupiga mpira kwa mguu wa kushoto, akirudia tena na tena hadi ukafika alikotaka. Mpira wa siku hizo ulishonwa kwa ngozi nzito iliyofyonza maji kila mvua iliponyesha, na Lancashire, jimbo alimolelewa, si mahali pa kukosa mvua. Kuuinua mpira kama huo kutoka pembeni mwa uwanja hadi mbele ya lango kulihitaji paja la mtu mzima. Yeye aliliweza jambo hilo kabla hajafikisha miaka 16.

Hata hivyo, kipaji peke yake kisingalimfikisha mbali. Kilichomfungulia mlango ni vita.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, wanaume walitoka viwandani kwenda vitani na wanawake wakaingia kushika nafasi zao. Ligi ya kandanda ya wanaume ilisimamishwa mwaka 1915. Katika mji wa Preston, kilomita kama 40 kutoka St Helens, kulikuwa na kiwanda cha Dick, Kerr & Co. ambacho kabla ya vita kilitengeneza tramu na mitambo ya reli. Sasa kilikuwa kikiunda makombora, na waliofanya kazi hiyo walikuwa wasichana. Wakati wa mapumziko walicheza mpira uani pamoja na vijana wanagenzi waliobaki. Siku moja mwaka 1917 mzaha ukageuka kuwa shindano: wanawake dhidi ya wanaume. Karani mmoja wa kiwanda hicho, Alfred Frankland, aliyekuwa akiwatazama kutoka dirishani, aliona kitu ambacho wengine hawakukiona.

Frankland alikuwa mtu wa mipango, tena mwenye jicho la biashara. Alikodi Deepdale, uwanja wa klabu ya wanaume ya Preston North End, na siku ya Krismasi ya mwaka huo wa 1917 akaiteremsha timu ya Dick, Kerr Ladies kupambana na wanawake wa kiwanda kingine cha papo hapo Preston, cha Arundel Coulthard. Mashabiki wapatao 10,000 walifika. Dick, Kerr walishinda 4-0, na zaidi ya pauni 200 zikapatikana kwa ajili ya hospitali iliyokuwa ikiwatibu askari majeruhi. Tangu siku hiyo hadi timu hiyo ilipovunjwa mwaka 1965, kuchangisha fedha za hisani ndiyo iliyokuwa ngao yake. Hakuna aliyeweza kuwakemea mabinti waliokuwa wakikimbia uwanjani na kaptura ilhali hospitali ya mji ilingojea mapato ya mchezo wao.

Hapa yafaa tutue kidogo, kwani hadithi ya Lily Parr mara nyingi husimuliwa kana kwamba nyota huanguka tu kutoka mbinguni. Wasichana wa Preston walipata kucheza kwa sababu tatu za kawaida kabisa. Walikuwa na mwajiri aliyewapa muda wa mazoezi. Walikuwa na uwanja wenye nyasi, vyumba vya kubadilishia nguo na mahali pa watazamaji kukaa. Na walikuwa na fedha kidogo: kila mchezaji alilipwa shilingi 10 za Uingereza kwa mechi, kiasi cha kumfidia siku ya kazi aliyoikosa. Haukuwa utajiri. Lakini binti wa kibarua ambaye mshahara wake ulitegemewa nyumbani hangeweza kusafiri kwenda mechi bila hizo shilingi 10.

Vita vilipokwisha mwaka 1918, viwanda vya silaha vilifungwa na wanawake wakaambiwa warudi majikoni. Wengi walitarajia kandanda yao ingerudi nayo. Haikurudi. Timu ziliongezeka, hasa katika miji ya viwanda ya kaskazini, na mojawapo ilikuwa timu ya wanawake ya St Helens, ambako Lily Parr, akiwa bado tineja, aliingia upande wa kushoto.

Dick, Kerr walipokutana na St Helens waliwachapa, lakini Frankland hakuondoka akiwa na ushindi pekee. Alikuwa amewaona wachezaji wawili wa upande wa pili, Alice Woods, mkimbiaji hodari, na msichana yule mrefu wa mguu wa kushoto. Aliwashawishi wote wawili wajiunge na timu yake. Parr alihamia Preston mwaka 1920, akapewa kazi kiwandani, na akapangiwa makao nyumbani kwa mchezaji mwenzake Alice Norris. Inasimuliwa kwamba aliomba sehemu ya malipo yake yawe sigara aina ya Woodbine. Wanaomfahamu kutokana na masimulizi ya wenzake hawashangai. Alivuta sigara tangu ujana na hakujali nani anamtazama.

Mwaka huo wa 1920 ulikuwa kama ndoto. Mwezi Aprili timu ya wanawake kutoka Ufaransa ilivuka bahari kuja kucheza mechi nne, ikiongozwa na Alice Milliat, mwanamke aliyekuwa akipigania nafasi ya wanawake katika michezo ya Olimpiki. Mechi ya kwanza ilichezwa Deepdale mbele ya watu 25,000, na Dick, Kerr wakashinda 2-0. Mwezi Oktoba wao wakavuka kwenda Ufaransa, na huko Paris wakatoka sare ya 1-1. Kwa msichana aliyezaliwa Gerard's Bridge, ambako watu wengi waliishi na kufa bila kuona bahari, safari hiyo ilikuwa elimu ambayo shule yake isingeweza kumpa.

Desemba 16 wakacheza usiku, Deepdale tena. Taa za uwanjani hazikuwa zimezoeleka, kwa hivyo kibali kiliombwa serikalini ili zitumiwe taa kubwa za jeshi, zile zilizotumiwa kumulika ndege za adui wakati wa vita. Mpira ulipakwa chokaa ili uonekane. Watu 12,000 walikuja kushuhudia maajabu hayo, na mapato yakaenda kwa askari wa zamani waliokosa kazi.

Siku kumi baadaye ndipo ikafika mechi ambayo jina la Lily Parr halitajwi bila kutajwa pamoja nayo. Ilikuwa Desemba 26, 1920, siku iliyofuata Krismasi, katika uwanja wa Goodison Park, makao ya klabu ya Everton mjini Liverpool. Wapinzani walikuwa St Helens, timu yake ya zamani. Waliolipa kiingilio na kuketi walikuwa 53,000, na maelfu wengine walifungiwa nje kwa kukosa nafasi. Mshambuliaji tegemeo Florrie Redford hakufika, kwani aliachwa na treni. Nahodha Alice Kell, ambaye kwa kawaida alicheza katika ngome, alisogezwa mbele kipindi cha pili na kufunga mabao matatu. Dick, Kerr walishinda 4-0. Zaidi ya pauni 3,000 zilikusanywa. Idadi ile ya watazamaji haikufikiwa na mechi nyingine ya klabu za wanawake popote duniani hadi mwaka 2019, wakati Barcelona ilipozuru Atletico Madrid mbele ya mashabiki 60,739.

Kufikia mwaka 1921 Uingereza ilikuwa na timu za wanawake zipatazo 150. Dick, Kerr peke yao walicheza mechi 67 mwaka huo, jambo la kustaajabisha ikikumbukwa kwamba wachezaji walikuwa wakiripoti kazini Jumatatu asubuhi kama kawaida. Parr alikuwa amefikisha miaka 16. Alikuwa akichota mpira pembeni, akimpita beki kwa hatua mbili tatu ndefu, kisha ama alimwaga krosi iliyotua kichwani mwa Redford ama alifumua shuti mwenyewe. Simulizi moja maarufu inadai kwamba mlinda lango wa kiume aliyethubutu kumkejeli alivunjika mkono akijaribu kuzuia kombora lake. Hadithi za aina hiyo huongezewa chumvi na kila anayezisimulia, nami siwezi kuiapia. La msingi ni kwamba watu waliokuwa wamemwona akicheza waliiamini bila shida.

Umaarufu huo ndio uliowatia hofu wakubwa wa Chama cha Soka cha Uingereza, FA. Wakati wa vita wanawake walionekana kuwa burudani ya muda, mbadala wa kuwatuliza watu hadi wanaume warejee. Sasa wanaume walikuwa wamerejea, ligi yao ilikuwa ikipanuliwa kwa kuongezwa daraja la tatu mwaka 1920 na jingine la kaskazini mwaka 1921, na kila klabu ndogo ilihitaji viingilio. Mashabiki waliojaza Goodison Park kuwatazama vipusa wa viwandani walikuwa wateja wa mtu mwingine.

Palikuwa na jambo jingine ambalo halikusemwa waziwazi. Mwaka 1921 wenye migodi waliwafungia nje wachimbaji wa makaa waliokataa kupunguziwa mishahara, na katika miji mingi ya kaskazini timu za wanawake zilicheza mechi za kuchangisha fedha za kuwalisha watoto wa wachimbaji hao. Kuchangia askari majeruhi kulisifiwa na kila mtu. Kuchangia familia za wafanyakazi waliokuwa wakizozana na matajiri kulikuwa suala jingine, na baadhi ya wanahistoria wanaona kwamba hapo ndipo subira ya wakubwa ilipokatika.

Desemba 5, 1921, baraza la FA lilikutana jijini London na kupitisha azimio. Lilisema kandanda haifai kabisa kwa wanawake na haipasi kuhimizwa. Liliongeza kwamba sehemu kubwa mno ya mapato ya mechi zao ilikuwa ikipotelea kwenye gharama badala ya kufika kwa wanaosaidiwa. Kisha likaziagiza klabu zote zilizo chini yake zisiruhusu viwanja vyao kutumiwa kwa mechi kama hizo. Wanachama wa FA hawakuruhusiwa hata kuwa marefa wala washika vibendera katika mechi za wanawake.

Hoja ya afya iliungwa mkono na madaktari kadhaa, miongoni mwao wanawake, waliodai kuwa mchezo huo ungedhuru miili na uzazi. Waliosema hivyo hawakuwa wameona ubaya wowote wasichana wale wale walipobeba makombora kiwandani kwa saa nyingi kila siku. Kuhusu hoja ya fedha, huenda kweli baadhi ya timu hazikuwa na daftari safi. Watu walisafiri, walikula, walifidiwa mishahara. Lakini klabu za wanaume hazikutakiwa kugawa mapato yao kwa hospitali yoyote, na hakuna aliyeziuliza gharama zao zilikwenda wapi.

Ujanja wa azimio lile ulikuwa katika wepesi wake. Halikumkamata mtu. Halikutoza faini. Msichana aliyetaka kupiga danadana nyuma ya nyumba yao aliachwa apige. Ila klabu za FA ndizo zilizokuwa zikimiliki takriban kila uwanja wenye ukuta, lango la kulipia na viti. Bila lango la kulipia hapakuwa na mapato. Bila mapato hapakuwa na nauli wala fidia ya siku ya kazi. Na bila hivyo viwili, binti wa kibarua alirudi alikotoka. Zaidi ya timu 50 zilijaribu kuunda chama chao wenyewe mwezi huo huo wa Desemba, wakaandaa kombe lao, na Stoke wakalitwaa mwaka 1922. Chama hicho hakikudumu. Timu za miji midogo, ambazo hazikuwa na kiwanda nyuma yao wala jina la kuwavuta watu, ndizo zilizoanza kufifia.

Dick, Kerr walinusurika kwa kuwa walikuwa na kile ambacho wengine hawakuwa nacho. Kiwanda chao kilikuwa na uwanja wake, Ashton Park, ambao FA haikuwa na mamlaka juu yake. Pia walikuwa na Frankland, aliyezidi kutafuta mechi kama mchuuzi anavyotafuta wateja, na walikuwa na Parr.

Mwaka 1922 walisafiri kwa meli kwenda Amerika Kaskazini. Walipofika Canada walikuta chama cha soka cha huko kimekataa wasicheze, mkono wa London ukiwa umewatangulia. Wakaingia Marekani, na huko wakagundua kwamba wapinzani waliopangiwa ni timu za wanaume. Hawakugeuka. Walicheza mechi tisa dhidi ya wanaume, wakishinda baadhi na kupoteza baadhi, na magazeti ya huko yakamwandika sana winga yule wa kushoto. Waliporudi nyumbani, wachezaji waliokuwa wamepambana na wanaume mbele ya maelfu ya Wamarekani hawakuruhusiwa kukanyaga Deepdale, uwanja ulio hatua chache kutoka walikoishi.

Mwaka 1926 Frankland alikosana na wenye kiwanda, na timu ikapoteza ufadhili pamoja na uwanja. Ikabadilisha jina kuwa Preston Ladies. Wachezaji kadhaa walipoteza ajira, na hapo Frankland akawatafutia kazi katika Whittingham, hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili iliyokuwa nje kidogo ya Preston. Parr alijifunza uuguzi huko, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya hadi alipostaafu. Ndivyo mchezaji ambaye angeweza kuishi kwa miguu yake alivyoishi kwa mikono yake, akiwaosha, akiwalisha na kuwatuliza wagonjwa ambao jamii iliwasahau. Wikendi ilipofika alifunga viatu vyake begani na kupanda basi pamoja na wenzake kwenda kokote ambako palikuwa na kipande cha ardhi cha kuchezea: uwanja wa raga, bustani ya umma, shamba la mtu mwenye moyo mwema.

Alifanya hivyo kwa takriban miaka 30 baada ya marufuku. Nadhani hapa ndipo ukubwa wake ulipo, kuliko hata Goodison Park. Mbele ya watu 53,000 kila mtu hucheza kwa moyo. Ni jambo jingine kabisa kucheza mwaka baada ya mwaka kwenye nyasi zisizokatwa, mvua ikinyesha, mbele ya watu mia chache waliosimama kwa miguu, ukijua kwamba hakuna timu ya taifa itakayokuita wala medali itakayokungoja.

Wachezaji chipukizi waliojiunga na timu katika miaka ya 1930 walimkuta Parr akiwa tayari amekuwa taasisi. Walimwogopa kwa wiki ya kwanza, kisha wakagundua kwamba chini ya uso ule mkavu mlikuwa na mcheshi asiyechoka. Inakumbukwa kwamba aliwahi kukitazama chumba cha kubadilishia nguo, huyu akifunga goti, yule akijipaka dawa ya misuli, mwingine akichechemea, akakifananisha na msafara wa wagonjwa wanaokwenda kuhiji wakitafuta muujiza. Kisha akatoka uwanjani na kufunga. Mwaka 1937 timu yake iliwashinda mabingwa wa Scotland, Edinburgh, mabao 5-1 katika mechi iliyotangazwa kuwa ya ubingwa wa dunia. Cheo hicho walijipa wenyewe, kwani hapakuwa na chombo chochote kilichokubali kuwapa.

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, Parr aliteuliwa nahodha mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka 41. Alikuwa amerudi nyuma kidogo uwanjani kadiri miguu ilivyopunguza kasi, ila shuti lilibaki. Alitundika daluga mwanzoni mwa miaka ya 1950. Inatajwa mara nyingi kwamba alifunga zaidi ya mabao 900. Hesabu hiyo ilitegemea kumbukumbu za timu yenyewe na vipande vya magazeti, maana mechi zilizofukuzwa viwanjani zilifukuzwa pia kwenye madaftari rasmi. Hata ukiyapunguza nusu, bado ni mabao mengi mno.

Hakuolewa. Aliishi katika kijiji cha Goosnargh, karibu na hospitali, katika nyumba aliyoinunua pamoja na mwenzake waliyekutana kazini, na maisha yao hayakufichwa wala kutangazwa. Majirani walimjua kama muuguzi mstaafu mrefu, mpenda utani na sigara. Wengi hawakujua kitu kingine.

Mwaka 1967 alifanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti. Wakati huo mambo yalikuwa yameanza kugeuka. Uingereza ilikuwa imetwaa Kombe la Dunia la wanaume mwaka 1966, wasichana kote nchini walitaka kucheza, na mwaka 1969 klabu 44 zikaunda chama cha soka cha wanawake. FA ilianza kulegeza kamba, na kufikia mwaka 1971 marufuku ilikuwa imeondolewa rasmi. Ilikuwa imedumu karibu miaka 50. Msichana aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1921 alikuwa sasa anakaribia kustaafu.

Hasara ya miaka hiyo haiwezi kupimwa kwa mabao. Mchezo wa mtaani hurithishwa: dada humwonyesha mdogo wake, mama humpeleka bintiye, mwalimu aliyecheza huanzisha timu shuleni. Mnyororo huo ulikatwa. Waliofungua timu katika miaka ya 1970 walianza karibu na sufuri, bila makocha wa kike, bila vyumba vya wanawake viwanjani, na mara nyingi wakipewa uwanja saa ambazo wavulana hawakuutaka. Msomaji aliyewahi kuona wasichana wa shule wakingoja kando ya uwanja hadi wavulana wamalize mazoezi, giza likiwa linaingia, ataielewa hali hiyo bila kuelezwa zaidi.

Lily Parr alifariki Mei 24, 1978, akiwa na umri wa miaka 73, na akazikwa St Helens, mji aliozaliwa.

Sifa zilikuja baadaye. Mwaka 2002, Jumba la Makumbusho ya Kitaifa ya Kandanda la Uingereza lilipofungua orodha yake ya mashujaa, yeye ndiye mwanamke wa kwanza aliyeingizwa. Jumba hilo wakati huo lilikuwa Preston, ndani ya uwanja wa Deepdale. Mahali alipofukuzwa akiwa na miaka 16 ndipo alipotukuzwa miaka 24 baada ya kifo chake. FA iliomba radhi kwa marufuku ile mwaka 2008. Mwaka 2019 sanamu yake ya shaba ilisimamishwa katika jumba hilo, ambalo lilikuwa limehamia Manchester. Mwaka 2022 wanawake wa Uingereza walitwaa ubingwa wa Ulaya katika uwanja wa Wembley mbele ya watazamaji 87,192, na magazeti yakamkumbuka tena.

Na mwaka 2025 klabu ya Everton ilihamisha timu yake ya wanaume hadi uwanja mpya kando ya mto Mersey. Palikuwa na mpango wa kuubomoa uwanja wa zamani. Badala yake Goodison Park ilikabidhiwa timu ya wanawake ya klabu hiyo, na msimu ulipoanza mwezi Septemba wakaingia kuucheza wakiwa wenyeji.